Kalamu Kabla ya Shimo

Kidonge cha amoksilini kikimezwa asubuhi pale Ngara mjini, sehemu yake kubwa hutoka na mkojo kabla ya jioni, na hutoka ikiwa bado ni dawa. Metformini ya mgonjwa wa kisukari hutoka karibu yote kama ilivyoingia. Siprofloksasini hutoka karibu nusu. Na mji wa Ngara umekaa juu ya mgongo wa mlima: chochote kinachomwagwa huko juu hushuka kwenye mabonde ya migomba, kwenye visima, kwenye vijito, mpaka mto Ruvuvu unaotoka Burundi na kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Kati ya choo cha shimo cha mgonjwa wangu na ziwa hilo, hakuna mtambo wa kusafisha majitaka unaoweza kuidaka dawa hiyo njiani. Kuna udongo tu, na mvua.

Nimefanya kazi ya tiba katika wilaya za Ngara na Biharamulo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza kwenye dirisha la dawa, baadaye nikiwa tabibu. Nimeipokea dawa ikishushwa kwenye gari la bohari, nimeihesabu, nimeigawa, nimeiandika kwenye madaftari ya wagonjwa, na nimesimama kando ya moto ikiteketezwa. Katika kusimama kote huko, jambo moja limenikaa moyoni na ndilo linalonifanya niandike: uchafuzi unaotokana na dawa huamuliwa mezani, pale mwandika dawa anapofungua kalamu. Shimo na tanuri ni hatua ya mwisho, na huku kwetu vyote viwili ni dhaifu mno kurekebisha kilichoharibika mezani.

Somo langu la kwanza nililipata kabla sijajua hata jina la ugonjwa mmoja kwa kitaalamu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi iliyowahi kupiga kambi pale, ikageuka kuwa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka shuleni, nikapata kibarua cha kupakua na kupanga maboksi katika stoo ya dawa ya shirika moja la misaada.

Dawa zilizookoa watu zilikuwa chache na za kawaida: chumvi ya kuongeza maji mwilini, dawa za malaria, antibayotiki kwa wenye kuhara damu na nimonia, chanjo ya surua. Hizo ziliingia na kutoka siku hiyohiyo. Zilizobaki ndizo zilizonishangaza. Kulikuwa na maboksi yenye maandishi ya lugha ambazo hata waganga wa kizungu walizizungushazungusha mikononi wakashindwa kuzisoma. Kulikuwa na chupa zilizofunguliwa, vidonge vya kupunguza mafuta mwilini kwa watu waliokuwa wakipanga foleni ya mahindi, mafuta ya ngozi ambayo muda wake ulikuwa umebaki wiki chache. Kila boksi la namna hiyo lilikula nafasi, likala mikono ya watu, na mwisho likahitaji kuharibiwa.

Baadaye niliposoma nikaelewa kwamba hatukuwa peke yetu. Eritrea mwaka 1989 walipokea malori saba ya aspirini iliyokwisha muda wake, na kuichoma kuliwachukua miezi sita. Bosnia ilibebeshwa wakati wa vita vyake dawa zisizofaa zilizokadiriwa kufikia tani 17,000. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa misaada ya dawa, na kiini chake ni rahisi: usipeleke usichoombwa. Mwaka 1999 likatoa mwongozo mwingine wa kuharibu kwa usalama dawa zisizotakiwa. Mtu akiisoma miwili hiyo kwa kufuatanisha ataona kwamba wa pili ni mrefu na wa kiufundi kwa sababu wa kwanza haufuatwi.

Na hata bila wakimbizi, mfumo wetu wenyewe ulizalisha mabaki. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980, zahanati za vijijini zilipelekewa makasha ya dawa yaliyopangwa mbali, yenye vitu vilevile kwa kila kituo, kiwe bondeni kwenye mbu au juu mlimani kwenye baridi na vikohozi. Kituo kimoja kilimaliza dawa za malaria katikati ya mwezi huku kikirundika dawa za minyoo. Baadaye vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kutoka Bohari ya Dawa kulingana na mahitaji, tukapumua. Lakini kila sera ilipobadilika, kitu kilibaki rafuni. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria ikaja SP, na mwaka 2006 ikaanza kutumika dawa mseto ya ALu. Makopo makubwa ya vidonge elfu moja moja vya klorokwini niliyakuta kwenye stoo miaka mingi baada ya hapo, yamefunikwa vumbi, na hakuna aliyejua ayapeleke wapi.

Utaratibu upo, tena ni mzuri. Dawa zilizokwisha muda hutengwa, huorodheshwa, hukaguliwa, na huteketezwa kwa kibali na usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo mpaka 2019 tuliijua kama TFDA. Tabu ni umbali na gharama. Kwa zahanati iliyo kilomita kadhaa za vumbi kutoka makao makuu ya wilaya, dawa mbovu zenye thamani ya shilingi laki moja zinaweza kuhitaji gari, mafuta na posho za thamani hiyohiyo au zaidi. Basi zinakaa. Maboksi yanaliwa na mchwa, popo wanayachafua, na siku moja mganga mfawidhi mpya anakuja, anataka stoo yake iwe safi.

Niliona siku ya namna hiyo kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja. Tanuri lilikuwa la matofali ya kuchoma, lenye mlango wa bati na bomba fupi. Walianza na makaratasi, yakashika vizuri. Wakatupia chupa za dawa ya maji ya watoto, zikapasuka moja baada ya nyingine kwa mlio mkali, na sukari iliyokuwa ndani ikaungua kwa harufu tamu iliyotufuata mpaka kwenye wodi. Karatasi za vidonge zilijikunja, plastiki ikayeyuka ikidondoka matone meusi, lakini vidonge vingi vilivyokuwa katikati ya rundo vilitoka vikiwa vimebabuka nje tu. Nilipokivunja kimoja kwa kijiti, ndani kilikuwa cheupe kama siku kilipotoka kiwandani. Majivu na vile vidonge vikachotwa kwa koleo vikamwagwa kwenye shimo lililokuwa nyuma ya jengo, ukingoni mwa shamba la migomba. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi shimo lilikuwa limejaa maji yenye povu la rangi ya waridi, na mfereji mwembamba ulikuwa umeshajichimbia njia kuelekea bondeni, ambako akina mama huchota maji.

Dawa haiungui kwa moto wa namna ile. Ili iharibike kweli inahitaji tanuri la vyumba viwili na joto kali. Kwa dawa nyingi hesabu ya kuaminika ni kuvuka nyuzi 1,200 za sentigredi. Plastiki ya karatasi za vidonge ikiungua kwa moto hafifu hutoa dayoksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya wanyama na binadamu kwa miaka. Kuna njia nyingine isiyohitaji moto, na laiti ingetumika zaidi vijijini: vidonge hujazwa kwenye pipa mpaka robo tatu, nafasi iliyobaki humwagiwa mchanganyiko wa saruji na chokaa, pipa hufungwa kabisa na kuzikwa. Ni kazi ya fundi wa kawaida. Lakini hata hiyo inaanza baada ya dawa kupotea, baada ya fedha ya umma kupotea.

Kwa hiyo nikaanza kutazama nyuma, kutoka shimoni kwenda stoo, kutoka stoo kwenda mezani. Na mezani, kwa tabibu wa Kagera, kila kitu huanza na homa.

Zamani homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na hapakuwa na cha kuthibitishia. Kipimo cha haraka kilipoenea vituoni miaka ya 2010, nilifurahi kama walivyofurahi wengine. Tone la damu, robo saa, jibu. Mstari mmoja, hana malaria. Lakini mama aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mgongoni hakuja kuambiwa mtoto hana kitu. Alikuja kwa sababu mtoto anachemka. Na tabibu mwenye foleni ya watu hamsini nje ya mlango hana cha kumwambia kwa haraka. Kalamu ikahama. Dawa za malaria zilipungua, amoksilini, septrini na flajili zikapanda. Tulichofunga huku kikafunguka kule.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliochunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Niliposoma namba hizo nilikumbuka madaftari ya vituoni kwetu, ukurasa baada ya ukurasa, mtoto baada ya mtoto, na jina la antibayotiki mwisho wa kila mstari. Flajili kwa kila anayeharisha, wakati watoto wengi wanaoharisha wanahitaji chumvi ya ORS na madini ya zinki. ORS haiachi sumu yoyote mtoni. Ni sukari na chumvi.

Watu wengi hudhani kuandika dawa chache ni kucheza na maisha ya watoto. Ndiyo maana napenda kuwatajia wenzangu utafiti mwingine wa kwetu, uliochapishwa mwaka 2024, uliofanyika katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Nusu ya vituo vilipewa programu kwenye kishikwambi inayomwongoza tabibu hatua kwa hatua: hesabu pumzi, pima oksijeni, tazama dalili za hatari, na pale inapobidi pima kiashiria cha uambukizo kwenye damu. Katika vituo hivyo, watoto waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2. Katika vituo vya kawaida walikuwa asilimia 70.1. Na watoto wa kundi la kwanza hawakuzidiwa wala kufa zaidi ya wale wa pili. Fikiria tofauti hiyo ikizidishwa kwa kila zahanati ya Tanzania, kila siku ya wiki. Hiyo ndiyo antibayotiki ambayo haitahitaji tanuri, haitapita kwenye mkojo, haitafika Ruvuvu.

Septrini nayo ina habari yake. Sehemu yake ya salfa hustahimili majini kwa muda mrefu, na siprofloksasini hung'ang'ania kwenye tope na udongo. Wachunguzi nchini Kenya waliopima maji ya Nairobi na Kisumu walikuta humo mabaki ya antibayotiki na ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kisumu ni ziwa letu hilihili. Bakteria wanaoishi kwenye tope lenye dawa kidogo kila siku hujifunza kuishi nayo, halafu hurudi kwetu na maji, na mboga, na samaki. Hapa Maziwa Makuu tunajua usugu unavyoonekana: ugonjwa wa kuhara damu ulioenea tangu 1979 ulizishinda dawa za bei nafuu moja baada ya nyingine, ukaja kuua wakimbizi wakati tuna maboksi yamejaa stoo. Na kwenye malaria, uchunguzi wa vimelea wa mwaka 2021 ulionesha katika mkoa wa Kagera, hasa Karagwe, vimelea wenye badiliko la R561H linalowapa uvumilivu dhidi ya atemisinini, badiliko lilelile lililotangulia kuripotiwa Rwanda. Dozi ya ALu ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Anayepata nafuu siku ya kwanza na kuficha vilivyobaki anawafunza vimelea hao kazi.

Mabaki hayo niliyaona vizuri zaidi nyumbani kwa wagonjwa kuliko kituoni. Nilipokuwa Biharamulo nilikwenda kumtazama bibi mmoja mwenye shinikizo la damu, upande wa Nyakahura, ambaye alikuwa ameacha kuja kliniki.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo, kiti hicho kimepungua mguu, egemea ukuta."

Nilimuuliza kuhusu dawa zake. Akanyanyuka, akashusha mfuko wa rambo uliokuwa umening'inizwa kwenye mwamba wa paa, juu ya moshi wa jiko, akaumwaga wote kwenye mkeka. Kulikuwa na kaptopril za miezi mitatu, karatasi moja tu imeguswa. Kulikuwa na ALu nusu. Flajili za njano, diklofenaki za rangi ya chungwa, kapsuli za rangi mbili zilizokuwa zimeanza kushikana kwa joto.

"Hizi za shinikizo mbona hukunywa?"

"Zilinipa kikohozi kikavu, usiku kucha silali. Nikaziacha. Nikaenda hospitali nyingine wakanipa hizi."

"Na hizi za rangi mbili?"

"Hizo nawapa kuku wakianza kusinzia. Moja nagawa kwa wawili, kwenye maji."

"Na zikizeeka kabisa?"

"Natupa chooni. Mjukuu wangu anaokota kila kitu, asije akala."

Hakuna neno hata moja hapo la kumlaumu. Alimlinda mjukuu wake kwa njia pekee aliyoijua. Sisi wenye makoti meupe hatukuwahi kumpa nyingine. Kikohozi kikavu ni dhara linalojulikana la kaptopril na ndugu zake, na huwatokea wagonjwa wengi kiasi kwamba mwandishi wa cheti anapaswa kulitarajia. Aliyemwandikia alikuwa na nia njema, alijua bibi anatoka mbali, akampa ya miezi mitatu kwa mara ya kwanza. Dawa ya miezi mitatu ikaishia kwenye mfuko, na siku moja ingeishia chooni, hatua chache juu ya kisima.

Kutokana na mfuko ule tulibadili mambo fulani kituoni, na ninayaandika kwa sababu hayahitaji mfadhili. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa ya kudumu alipewa ya wiki mbili kwanza, arudi tumuone kama inamkubali, ndipo apewe ya mwezi na baadaye ya miezi. Anayetoka mbali tulimpangia siku ya soko ili safari iwe moja. Kabla ya kuandika chochote tuliuliza: nyumbani una dawa gani? Swali hilo dogo lilitufungulia mifuko mingi. Mara nyingi dawa niliyotaka kuandika ilikuwa tayari iko kwenye mwamba wa paa, haijakwisha muda. Nimonia ya kawaida ya mtoto ilitibiwa kwa siku tano kama mwongozo unavyotaka, si saba wala kumi kwa kuongeza uzito. Anayeweza kumeza hakuandikiwa sindano, maana kila sindano isiyo ya lazima ina bomba la plastiki, ncha, kichupa cha kioo na kisanduku cha kuichomea, hata kabla hatujaitaja dawa iliyomo. Maumivu ya mgongo wa jembe yalianza na parasetamoli na ushauri.

Diklofenaki niliipunguza kwa sababu ya figo na matumbo ya wazee, lakini kuna habari yake nyingine ninayowasimulia vijana wa kazi. Huko Asia ya Kusini walikuwa wakiwapa ng'ombe dawa hiyohiyo. Tai waliokula mizoga ya ng'ombe hao walikufa figo zikiwa zimeharibika. Wanasayansi walilibaini jambo hilo nchini Pakistani na kulichapisha mwaka 2004; mwaka 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Wakati huo aina tatu za tai zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Kidonge tunachokigawa kama karanga kwa maumivu ya kiuno kilikaribia kuwamaliza tai wa Asia ya Kusini. Sisi tuna ng'ombe, tuna hifadhi ya Burigi-Chato iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, tuna wafugaji wanaonunua dawa wenyewe. Sioni kwa nini tusubiri maafa yetu.

Wapo wenzangu wanaosema mazingira ni mada ya nchi tajiri. Wanasema Stockholm wanaweza kuandaa orodha ya dawa inayozingatia pia madhara ya kila dawa majini, kwa kuwa mgonjwa wao hakosi dawa, mgonjwa wetu huambiwa dirishani "hakuna." Hoja hiyo naiheshimu, na jibu langu limo dirishani humohumo. Amoksilini iliyoandikwa wiki ya kwanza ya mwezi kwa mafua ndiyo inayokosekana wiki ya nne kwa mtoto anayevuta pumzi mbavu zikiingia ndani. Niliwahi kumrudisha mama wa mtoto wa namna hiyo aende akanunue dukani, na nilijua kwa majina ni nani waliomaliza kopo. Kidonge kilekile kilichokwenda mtoni bila sababu ndicho kilichokosekana wodini. Nilipolieleza hivyo kwenye kikao cha asubuhi, walionyamaza niliposema habari za samaki walinyanyua vichwa.

Wala sisemi watu wapewe dawa kwa mkono wa birika. Mwenye kisukari apewe metformini yake, na mto tutautafutia njia nyingine. Mwenye VVU anywe dawa zake zote maisha yake yote. Na homa isiyo malaria isifukuzwe kwa maneno "ni virusi tu." Januari 2025 Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg, na ulikuwa hapahapa Biharamulo, ulitangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo. Kila aliyefanya kazi wilayani kipindi hicho anajua kwamba kumgusa mgonjwa, kumuuliza alikotoka na aliyeugua nyumbani kwake, kuna thamani kubwa kuliko kumpa antibayotiki na kumwita anayefuata. Tabibu mwenye dakika za kuchunguza huandika dawa chache na hukamata magonjwa makubwa mapema. Hizo dakika ndizo kitu adimu. Wizara ikitaka mito safi, iongeze matabibu.

Mengine yako juu ya uwezo wa kituo. Mwongozo wetu wa matibabu wa taifa unazigawa antibayotiki kwa makundi, zile za kutumika kwanza na zile za kutunzwa, na mpango wa taifa wa kupambana na usugu upo tangu 2017. Ningependa toleo lijalo liongeze jambo moja: pale dawa mbili zinapotibu sawa, kwa bei inayokaribiana, itajwe ni ipi hudumu zaidi kwenye maji na udongo. Mwandika dawa apewe habari hiyo, achague.

Na maduka ya dawa muhimu yaingizwe, maana huko ndiko mgonjwa niliyemnyima antibayotiki anakokwenda akitoka kwangu. Tuliwahi kukaa na wenye maduka kadhaa wa barabara ya Lusahunga kuelekea Rusumo. Hawakuwa wabishi. Mama mmoja mwenye duka alisema wateja humletea dawa zilizobaki wakitaka awabadilishie na nyingine, naye huwarudisha nazo. Tukamwomba asiwarudishe, azipokee bila kuziuza, aziweke kwenye ndoo yenye mfuniko na kufuli. Wengine wawili wakakubali kufanya vivyo hivyo. Ndoo ya kwanza ilijaa haraka kuliko tulivyotarajia, na wengi walioleta walikuwa bibi na babu.

Zilipojaa tuliandika barua wilayani kuomba gari lizichukue pamoja na dawa mbovu za kituo, zifungwe kwenye pipa la saruji chini ya usimamizi. Saruji tuliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, mapipa mawili yalikuwepo uani. Gari lilichelewa. Wakati tukilisubiri, mama yule wa duka alipiga simu kuuliza kama anaweza kuweka ndoo ya pili, maana watu bado wanaleta.

Nilimwambia aweke.